Kisangani ndani ya kidirisha cha kamera: safari kutoka kioo mpaka umeme

KISANGANI, TSHOPO – Siku ya kutoa diploma kwenye Chuo Kikuu cha Kisangani, wapiga picha wanakaribia kuwa wengi kama wazazi. Ukiwaangalia vizuri, utaona kwamba hawashiki vyombo vyao namna moja. Mmoja anabana kamera kwenye jicho moja na kufunga lingine. Mwingine anaishika mbali na uso, macho kwenye skrini. Wa tatu hana kamera, ana simu tu. Lakini wote wanatafuta jambo lile lile: kujua, mbele ya kubonyeza kitufe, nani ataingia ndani ya picha na nani atabaki nje.

Kwa kujua jambo hilo, kamera ina kidirisha chake. Ni ile tundu ndogo ya kuchungulia, juu au nyuma ya kamera. Siku hizi kuna vidirisha vya aina mbili. Cha kwanza ni cha vioo: mwangaza wa jua unapita ndani ya vioo na kufika kwenye jicho moja kwa moja, bila umeme. Cha pili ni cha umeme: ndani yake mna skrini ndogo sana, na jicho linaona picha ambayo mashine imekwisha kuitengeneza. Wenye kazi hiyo wanabishana kila siku kipi ni bora. Ubishi huo una historia ndefu, na historia hiyo inapita hapa kwetu, kwenye mto, kwenye msitu na kwenye barabara za mji huu.

Kwa familia nyingi jambo hili si mchezo. Tangu mwaka 2023, mapigano kati ya jamii za Mbole na Lengola yamefukuza maelfu ya watu katika vijiji vyao, na wengi wakakimbilia mjini. Nyumba ikichomwa, albamu ya picha inaungua pamoja na mikeka na nguo. Picha ya baba aliyekufa haiuzwi sokoni. Na mtu akiulizwa ushahidi wa nyumba yake, shamba lake au mtoto wake, mara nyingi picha ndiyo karatasi ya pekee ambayo angeweza kuonyesha.

Wakati wa kitambaa cheusi

Kamera za kwanza zilizofika katika bonde la mto Kongo zilikuwa masanduku ya mbao. Nyuma yake kulikuwa na kioo chenye ukungu. Mpiga picha alijifunika kichwa kwa kitambaa cheusi, akaangalia kioo hicho, na akaona watu wakiwa wamesimama vichwa chini, miguu juu. Ndivyo lensi inavyofanya: inapindua kila kitu. Alipomaliza kupanga, aliondoa kioo, akaweka mahali pake sahani yenye dawa, na kuanzia hapo hakuona tena kitu. Picha ilipigwa wakati mpiga picha akiwa kipofu.

Kwa kamera za namna hiyo watu walipaswa kukaa bila kutikisika. Ndiyo sababu picha za zamani zinaonyesha nyuso ngumu, kama za watu wenye hasira. Wengi hawakuwa na hasira. Walikuwa wameambiwa wasicheke wala wasisogee, mbele ya mtu asiye na kichwa aliyefichwa chini ya kitambaa.

Kati ya mwaka 1909 na 1915, Herbert Lang na mwenzake James Chapin, waliotumwa na makumbusho ya elimu ya viumbe ya New York, walipanda mto mpaka Stanleyville, ndiyo Kisangani ya leo, kisha wakaingia msituni kuelekea Avakubi, Medje na Niangara. Walikuwa wanatafuta wanyama, na kwanza kabisa okapi. Lakini Lang alirudi pia na picha karibu 10,000. Machifu, wafua chuma, wanawake wenye misuko ya nywele, wapiga ngoma: wote wamo. Picha hizo zimehifadhiwa Marekani. Wajukuu wa watu hao, wakaaji wa kaskazini mashariki mwa nchi, wengi wao hawajawahi kuziona.

Hapo ndipo swali la kidirisha linapoanza kuwa zito. Katika kamera ya kitambaa cheusi, mtu mmoja tu ndiye aliyeona picha mbele ya kupigwa. Aliyepigwa hakuona kitu siku ile, na mara nyingi hakuona kitu maisha yake yote.

Hata hivyo, kamera ya mgeni iliwahi kuwa msaada mkubwa kwa wenyeji. Tarehe 14 Mei 1904, kwenye misheni ya Baringa, katika jimbo la leo la Tshuapa, mwanamume mmoja aitwaye Nsala alifika akiwa amebeba mkono na mguu wa binti yake, Boali, mtoto wa miaka mitano hivi. Mtoto huyo alikuwa ameuawa na walinzi wa kampuni ya mpira, wakati wa utawala wa mfalme Leopold wa Pili. Mmisionari Mwingereza Alice Seeley Harris alimpiga picha Nsala akiwa ameketi kwenye baraza, akiangalia viungo vile viwili. Picha hiyo ilionyeshwa kwa taa ya kumulika ukutani katika makanisa na kumbi za Uingereza na Marekani. Mwaka 1905 mwandishi Mmarekani Mark Twain alimdhihaki Leopold katika kijitabu chake, akimfanya mfalme alalamike kwamba Kodak ndiye shahidi pekee ambaye fedha zake hazikuweza kumnunua. Mwaka 1908 Leopold aliachia Kongo mikononi mwa serikali ya Ubeleji. Picha hazikufanya kazi hiyo peke yake, lakini bila picha wengi wangeendelea kusema kwamba habari za mikono iliyokatwa ni uongo wa wamisionari.

Kamera isiyo na kidirisha

Kodak yenyewe, ilipotoka mwaka 1888, haikuwa na kidirisha hata kimoja. Juu ya sanduku kulikuwa na mistari miwili tu iliyochorwa, mfano wa herufi V. Mtu alielekeza mistari hiyo kwa mwenzake, akabonyeza, akamwomba Mungu. Mwaka 1900 ikaja Brownie, kamera ya watoto na ya watu wa mfuko mdogo, iliyouzwa kwa dola moja huko Marekani. Baada ya muda zikaongezewa kidirisha kidogo juu, chenye kioo cha kujitazama ndani. Mpiga picha aliiweka kamera tumboni na kuangalia chini, kama mtu anayechungulia kisima.

Vidirisha hivyo vya kwanza vilikuwa na kasoro moja kubwa. Tundu la kuchungulia lilikuwa mahali pake, na lensi mahali pake. Vitu viwili visivyokaa mahali pamoja haviwezi kuona sawasawa. Kwa mlima ulio mbali, tofauti haionekani. Kwa mtu aliye karibu, mpiga picha aliona kichwa chote ndani ya kidirisha, lakini kwenye karatasi kichwa kilikatwa. Katika albamu za zamani utawakuta wajomba wasio na paji la uso na mabibi harusi waliokatwa nusu ya shela. Wengi walidhani ni uzembe wa mpiga picha. Mara nyingi kosa lilikuwa la kamera.

Sinema ya mwaka 1951 na kamera kubwa kama friji

Tatizo hilo lilifika mpaka mtoni kwetu kwa njia ya sinema. Mwaka 1951, mkurugenzi John Huston alikuja na watu wake kutengeneza filamu ya The African Queen. Walipitia Stanleyville, wakaenda kwenye mto Ruiki, upande wa Biondo, si mbali na Ponthierville, inayoitwa leo Ubundu. Waigizaji wakubwa walikuwa Katharine Hepburn na Humphrey Bogart. Wengi katika kundi hilo waliugua tumbo kwa sababu ya maji. Huston na Bogart walisema kwamba wao walipona kwa kuwa walikunywa wiski tu.

Aliyeshika kamera alikuwa Mwingereza Jack Cardiff. Kamera yake ilikuwa ya Technicolor, ambayo ndani yake zilizunguka filamu tatu kwa pamoja, moja kwa kila rangi ya msingi, na ndiyo sababu ilikuwa kubwa na nzito mno. Kuiweka juu ya mtumbwi au jahazi katika mto mwembamba wa msituni kulikuwa kazi ya wanaume wengi. Na filamu ilipoanza kuzunguka, mtu hakuangalia kupitia lensi yenyewe. Aliangalia kupitia kidirisha kilichofungwa ubavuni mwa kamera, akijua kwamba kinachoonekana pale si sawa kabisa na kile kinachoingia kwenye filamu. Ilibidi akili ya mtu ijaze pengo hilo.

Mwanzo wa mwaka 1958 kundi lingine likaja, safari hii na mkurugenzi Fred Zinnemann na mwigizaji Audrey Hepburn, kwa filamu The Nun's Story. Sehemu za filamu hiyo zilipigwa Stanleyville na katika kituo cha wagonjwa wa ukoma karibu na Yakusu, alipofanya kazi daktari Stanley Browne. Katika filamu zote mbili, wakaaji wa hapa wanaonekana wakipiga makasia, wakiimba, wakilala vitandani. Majina yao hayasomeki mwishoni mwa filamu. Kidirisha kiliwaona, lakini daftari halikuwaandika.

Wakongo washika kamera

Wakati huo huo, katika miji, Wakongo walianza kugeuza kamera upande wao. Mwaka 1950 Jean Depara, kijana mzaliwa wa Angola, alinunua kamera ndogo ya Adox kwa ajili ya harusi yake. Baadaye akawa mpiga picha wa usiku wa Kinshasa, wa baa, wa vijana wenye suti na wa mwanamuziki Franco. Naye Joseph Makula, katika miaka ya 1950, akawa mmoja wa Wakongo wa kwanza kuingia katika kundi la wapiga picha wa Congopresse, idara ya habari ya wakoloni.

Kamera za kizazi chao zilikuwa na vidirisha vya namna mbili. Ya kwanza ni ile ya lensi mbili, moja juu ya nyingine, kama Rolleiflex ya mwaka 1929. Lensi ya juu ilikuwa ya kuangalia, ya chini ya kupiga. Mpiga picha aliishika kifuani na kuinamisha kichwa. Ndani ya kioo aliona picha kubwa na nzuri, lakini kulia kulikuwa kushoto na kushoto kulikuwa kulia. Kama mteja alitoka kidogo kwenye picha, mpiga picha mgeni wa kazi alisogeza kamera upande usiofaa. Ilichukua muda mikono kuzoea.

Ya pili ni ile ndogo ya kushika usoni, kama Leica iliyoanza kuuzwa mwaka 1925. Kidirisha chake kilikuwa kando ya lensi. Uzuri wake ni kwamba mpiga picha aliona pia kilicho nje ya picha. Aliweza kumwona mtu anayekuja akikimbia kabla hajaingia ndani ya fremu. Na wakati wa kubonyeza, jicho halikufungwa hata kidogo. Kwa kazi ya gazeti na ya barabara, hiyo ilikuwa faida kubwa.

Kioo kinachoruka

Wahandisi waliendelea kutafuta namna ya kumfanya mpiga picha aone kupitia lensi ile ile inayopiga. Jibu lilikuwa kioo cha kujitazama kilichowekwa ndani ya kamera, nyuma ya lensi, kwa mshazari. Mwangaza unaingia, unagonga kioo hicho, unapanda juu. Juu pana kipande kinene cha kioo chenye pande nyingi, ambacho kinageuza picha ikae wima na kurudisha kulia na kushoto mahali pake. Ukibonyeza kitufe, kioo kinaruka juu, pazia la kamera linafunguka, filamu inapata mwangaza, kisha kioo kinarudi. Ule mlio wa "klak" ambao watu wengi wanaujua ndio huo.

Contax S ya Ujerumani Mashariki, mwaka 1949, ilikuwa kati ya za kwanza kuwa na kipande hicho cha juu. Mwaka 1954 Wajapani wa Asahi wakatoa kamera ambayo kioo chake kilirudi chenyewe mara moja. Mwaka 1959 ikaja Nikon F, yenye kidirisha kilichoonyesha picha yote bila kukata pembeni. Tangu hapo kichwa cha mjomba kikasalimika.

Kamera za vioo ndizo zilizoenea kwa waandishi wa habari katika miaka ambayo Stanleyville ilijulikana dunia nzima kwa damu. Tarehe 5 Agosti 1964 wapiganaji Simba walichukua mji. Tarehe 24 Novemba makomando wa Ubeleji waliruka kwa miavuli kutoka ndege za Marekani. Mpiga picha Mwingereza Don McCullin alifika hapa katika siku hizo kwa kujifanya askari wa kukodiwa, maana waandishi walikuwa wamezuiwa. Picha zake za vijana wa Kongo wakipigwa na kudharauliwa na askari mbele ya kuuawa ni kati ya ushahidi mchache unaoonyesha kwamba waliokufa Stanleyville hawakuwa Wazungu tu. Magazeti mengi ya nje yaliandika zaidi juu ya mateka wa kigeni. Wakaaji wa mji waliokufa kwa mamia mengi walibaki nje ya kidirisha.

Kidirisha cha vioo hakina huruma, lakini hakidanganyi: kinaonyesha mtu mwenyewe, kwa mwangaza wake mwenyewe. Kina kasoro moja tu ya ajabu. Wakati kioo kinaporuka, kidirisha kinakuwa giza. Nukta ile ile picha inapopigwa, mpiga picha haoni. Akiona tukio lile kwenye kidirisha, maana yake amelikosa. Na baada ya hapo alipaswa kungoja filamu isafishwe ili ajue kama alifaulu.

Umeme unaingia

Vidirisha vya umeme havikuanzia kwenye kamera za picha. Vilianzia kwenye kamera za televisheni na za video. Zile kamera za begani zilizopiga harusi na matanga zilikuwa na televisheni ndogo sana ndani ya mpira wa jicho, mara nyingi ya rangi nyeusi na nyeupe. Mwaka 1995 Casio wakatoa kamera ndogo ya QV-10, yenye skrini ya rangi mgongoni. Mwaka 2008 Panasonic wakatoa Lumix G1: kamera ya kubadilisha lensi, isiyo na kioo cha kuruka ndani, yenye kidirisha cha umeme tu. Mwaka 2018 Nikon na Canon, wakubwa wa kamera za vioo, nao wakaingia njia hiyo kwa nguvu. Leo kamera mpya za kazi karibu zote ni za umeme.

Namna ya kufanya kazi ni hii. Lensi inapeleka mwangaza moja kwa moja kwenye sensa. Sensa inageuza mwangaza kuwa hesabu. Kompyuta ndogo ndani ya kamera inageuza hesabu kuwa picha na kuituma kwenye skrini ya kidirisha, mara nyingi kwa kila sekunde. Kwa hiyo jicho halimwoni mtu. Linaona ripoti ya mashine juu ya mtu.

Kipi kinafaa Kisangani?

Kwa mpiga picha wa mji huu, faida ya kwanza ya umeme ni ngozi yetu. Kamera inapopima mwangaza, inahesabu kana kwamba kila kitu duniani kina rangi ya kijivu cha katikati. Bibi harusi mwenye gauni jeupe karibu na ukuta mweupe anaidanganya mashine: inapunguza mwangaza, na uso mweusi unazama gizani. Tatizo hilo ni la zamani. Kodak walikuwa wakipima rangi za filamu na karatasi zao kwa kadi ya mwanamke mweupe, na kwa miaka mingi ngozi nyeusi haikuwa sehemu ya kipimo. Kadi zenye watu wa rangi mbalimbali zilikuja katika miaka ya 1990. Kwa kidirisha cha vioo, jicho linamwona bibi harusi akiwa mzuri, kumbe picha itatoka na gauni lisilo na mtu. Kwa kidirisha cha umeme, mpiga picha anaona kosa mbele ya kubonyeza, anaongeza mwangaza, uso unarudi.

Faida ya pili ni giza. Msituni, au ndani ya nyumba isiyo na umeme, kidirisha cha umeme kinaweza kuangaza zaidi ya jicho. Lakini hapo picha inajaa chembechembe na mtu akisogea inachelewa kidogo kumfuata.

Hasara ya kwanza ni betri. Kidirisha cha vioo hakili umeme. Cha umeme kinakula hata wakati mtu anangoja tu. Kwa kipimo cha watengenezaji wenyewe, Nikon D850 ya mwaka 2017, ya vioo, inapiga picha 1,840 kwa betri moja. Nikon Z7 ya mwaka 2018, ya umeme, inapiga 330 kwa betri ya aina ile ile. Katika mji ambamo mitaa inakaa bila umeme siku nzima, licha ya bwawa la Tshopo kuwa mlangoni petu, hesabu hiyo ina maana. Mpiga picha anayepanda toleka kwenda Mangobo kwa harusi, au anayevuka mto kwenda Lubunga, anajua kwamba betri ikiisha, kamera ya umeme ni tofali.

Hasara ya pili ni jua kali. Kwenye maporomoko ya Wagenia saa sita mchana, maji yanang'aa kama bati jipya. Skrini ya mgongoni haionekani kabisa. Kidirisha cha umeme cha jichoni kinajitahidi, lakini ndani ya mng'ao na ndani ya kivuli kizito mashine inapoteza vitu ambavyo jicho la mtu linaviona bado. Kidirisha cha vioo kinavionyesha vyote: mvuvi, kamba na mtego wake.

Kuna pia jambo la usalama. Kuangalia jua kupitia kidirisha cha vioo kunaweza kuua jicho, kwa sababu lensi inakusanya mwangaza. Kwa kidirisha cha umeme jicho linasalimika. Kinachoweza kuungua ni sensa. Waliotaka kupiga picha jua lilipopatwa tarehe 3 Novemba 2013, kivuli cha mwezi kilipovuka Gabon na Kongo mpaka kaskazini mwa Uganda, walipaswa kukumbuka hilo.

Watu 516

Lakini kwa Kisangani swali kubwa zaidi si la betri wala la jua. Kuanzia tarehe 5 mpaka 10 Juni 2000, majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana ndani ya mji huu kwa makombora, kila upande ukiwa umekuja kwa sababu zake katika nchi isiyo yake. Ni vita vya siku sita. Ripoti ya Umoja wa Mataifa iliyotolewa mwaka 2010 inasema raia waliouawa ni kati ya 244 na 760. Toa hesabu ya kwanza katika ya pili: tofauti ni watu 516. Kila mmoja wao ana jina ambalo familia yake inalijua. Lakini kwa daftari za dunia, hao 516 huenda walikufa, huenda hawakufa.

Tarehe 9 Februari 2022, Mahakama ya Kimataifa ya Haki ya La Haye iliamuru Uganda ilipe Kongo dola milioni 325 kwa makosa yake katika vita vya 1998 mpaka 2003, pamoja na yale ya Kisangani. Kongo ilikuwa imedai zaidi ya dola bilioni 11. Majaji walisema mara nyingi kwamba ushahidi haukutosha: hakuna vyeti vya kifo, hakuna karatasi za nyumba, hakuna orodha kamili. Watu walizikwa uani na kandokando ya barabara, wakati makombora yakiendelea. Nani angekuwa na filamu siku ile? Nani angesimama wima kuchungulia kidirisha?

Leo hali ni tofauti. Simu iko katika familia nyingi, na simu yenye kamera ni kamera ya kidirisha cha umeme. Kwa mara ya kwanza tangu Herbert Lang, anayepigwa picha anaweza kuiona picha yake palepale, na kusema: futa hiyo, au, nipe na mimi. Mama aliyekimbia kijiji anapopigwa picha na mgeni wa shirika, ana haki ya kuomba kuonyeshwa skrini na kuuliza picha inakwenda wapi. Hilo Nsala hakuliweza, wala wapiga makasia wa Ruiki.

Hatari nayo imebadilika. Kwa kuwa kidirisha cha umeme kinaonyesha kazi ya mashine, picha yenyewe ni rahisi kugeuzwa. Wakati wa mapigano, picha za maiti za nchi nyingine au za miaka mingine zinatumwa kwenye simu na kuambiwa ni za hapa, na mtu anachukua panga kwa sababu ya uongo. Kwa hiyo picha peke yake haitoshi tena. Inahitaji shahidi wake.

Wapiga picha wazee wa studio walikuwa na desturi nzuri: nyuma ya kila picha waliandika kwa kalamu tarehe, mahali na majina. Desturi hiyo haihitaji betri. Familia iliyo katika kambi au kwa ndugu inaweza kuifanya leo: kupiga picha ya kila mtoto, ya kaburi, ya kiwanja, ya karatasi yoyote iliyobaki, kuandika kwenye daftari ni picha ya nani, wapi na lini, kisha kutuma nakala kwa ndugu wawili au watatu wanaokaa miji mingine, ili moto wa nyumba moja usiunguze kila kitu.

Kidirisha cha vioo kilifundisha mpiga picha kuangalia vizuri, maana hakuwa na nafasi ya pili. Kidirisha cha umeme kimempa hata yule anayepigwa nafasi ya kuangalia. Mji uliopoteza hesabu ya watu 516 unahitaji yote mawili.